Vidonge Kwenye Kopo la Kahawa

Siku niliyolifungua kopo lile nilikuwa natafuta kahawa tu. Ilikuwa Jumapili, Machame, manyunyu yanaanguka juu ya migomba, na Mama ameketi jikoni anachambua maharage ambayo alikuwa ameshayachambua asubuhi. Nikapanda kigoda, nikashusha kopo kutoka kabatini, nikalitikisa. Mlio haukuwa wa kahawa. Ndani kulikuwa na vidonge vyeupe, vingine vimeshaingiwa na unyevu vikashikana kama sukari iliyokaa. Nikavimwaga kwenye sinia nikavihesabu tunavyohesabu kazini, vitano vitano, kwa ncha ya kisu. Vilikuwa 143.

Mimi ni mfamasia. Nina duka la dawa Moshi mjini, huu mwaka wa 17. Amlodipini ya miligramu 5, dawa ya presha, naitambua hata umeme ukiwa umekatika. Vidonge vile nilikuwa nampelekea mwenyewe kila mwezi, na kila nikienda nilikuwa nakagua karatasi zake: vitundu vyote vitupu, hata siku moja haijarukwa. Nikawa namsifu. "Mama, ungekuja dukani ukafundishe wagonjwa wangu." Kumbe kila asubuhi alikuwa anakitoa kidonge kama nilivyomwelekeza, anakiweka kiganjani, halafu hapo katikati ya kukitoa na kukimeza shughuli yenyewe inampotea. Kidonge kinaishia kwenye kopo.

"Mama, hivi vidonge ni vya nani?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Vya wageni," akasema. "Usivimalize."

Miezi michache baadaye daktari alimwandikia demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, na kwa jinsi ilivyokuwa inakwenda, yaelekea ya aina ya Alzheimer. Nilikuwepo wakati anapimwa. Daktari kijana, mwenye adabu, alimwamkia vizuri, akapanga njiti nne za kiberiti mezani kwa umbo fulani na kumwomba Mama apange zake vivyo hivyo. Kipimo hicho cha njiti kimo kwenye dodoso fupi lililotengenezwa hukohuko kwetu, wilaya ya Hai, na watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, ili kumpima mzee ambaye hakushika kalamu maishani bila kumwonea. Mama alizikusanya njiti zote, zake na za daktari, akazirudisha kwenye kiberiti, akakifunga. "Jioni mtawashia nini?" akauliza.

Nacheka nikiandika hapa. Siku ile sikucheka.

Tangu ndugu wajue, simu yangu haitulii. Mdogo wangu aliye Dar ananitumia habari kwamba sindano za kisukari za siku hizi zinalinda ubongo. Binamu ananitumia kwamba Viagra inazuia Alzheimer, na vikatuni vya kucheka juu yake. Shemeji yeye ni statini, za kolesteroli. Kuna aliyeniletea metformini ya kisukari, kuna aliyeniletea ibuprofeni ya maumivu, na kila ujumbe unakuja na swali lilelile: "Wewe una dawa hizo hapo kwenye shelfu, kwa nini humpi Mama?"

Swali si la kijinga. Ugonjwa huu ulielezwa na Alois Alzheimer mwaka 1906, kule Tübingen, Ujerumani, baada ya kuchunguza ubongo wa mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Zimepita zaidi ya miaka mia moja na hakuna dawa inayouponya. Dawa mpya zinazofagia amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa, zipo, lakini mojawapo, lekanemabu, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2023 bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, mgonjwa anawekewa dripu, na kinachopatikana ni kupunguza kasi ya kushuka, tena kidogo. Ukiweka bei hiyo kando ya karatasi moja ya amlodipini, ambayo haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai, unaelewa kwa nini watafiti wengi wanageukia makabati ya dawa za kawaida. Madhara yake yanajulikana, usalama wake umepimwa kwa mamilioni ya watu, na hati miliki zimekwisha. Hilo la mwisho lina ubaya wake pia: dawa isiyo na mwenyewe haina wa kuigharamia majaribio.

Kwa hiyo ndugu zangu wanatumiana habari za kweli. Tatizo ni kwamba nyingi ya habari hizo zimeanza na watu kusoma madaftari. Mtafiti anachukua kumbukumbu za hospitali au za bima, za watu laki kadhaa, anawagawa: hawa waliandikiwa dawa fulani, hawa hawakuandikiwa. Anangoja miaka. Halafu anahesabu nani kaugua. Mwezi wa kwanza wa 2025 timu moja ya Cambridge na Exeter ilikusanya tafiti 14 za namna hiyo zenye watu zaidi ya milioni 130 na wagonjwa wa demensia zaidi ya milioni moja. Wakakuta waliotumia antibayotiki, dawa za virusi, dawa za kupunguza uvimbe au chanjo walikuwa na demensia kidogo kuliko wengine. Milioni 130! Mtu akisoma namba hiyo anainuka kwenda dukani.

Mimi nikisoma naliona kopo.

Fikiria Mama angekuwa ndani ya utafiti huo. Kompyuta yangu ya dukani inasema alichukua amlodipini kila mwezi bila kukosa. Kwa hiyo ataandikwa: alitumia dawa ya presha, na bado akapata demensia. Ukweli ni kwamba ndani ya miezi ile karibu mitano hakumeza hata kimoja. Sasa mchukue jirani yake wa upande wa chini, ambaye naye akili ilianza kumponyoka, lakini yeye aliacha kabisa kuja kuchukua dawa. Huyo ataandikwa: hakutumia dawa, akapata demensia. Dawa itapewa sifa ya kumlinda yule anayeitumia, wakati kilichotokea ni kinyume chake: ugonjwa ndio uliomwachisha dawa, miaka kabla haujapewa jina. Na Alzheimer ni bingwa wa mchezo huu, maana amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla ndugu hawajashtuka.

Basi ujumbe ukiingia siku hizi, kabla ya kuuliza dawa gani, nauliza: nani hasa anayemeza?

Kuna jaribio la zamani la Marekani, lililofanywa kwa wanaume waliokwisha pata shambulio la moyo, matokeo yake yakatoka mwaka 1980. Dawa yenyewe ya kolesteroli haikuwa na maana. Lakini walipoangalia wale waliopewa kidonge bandia, unga mtupu usio na dawa, waliomeza unga wao kwa uaminifu walikufa asilimia 15 ndani ya miaka mitano, na waliokuwa wanarukaruka walikufa asilimia 28. Unga mtupu! Anayemeza kidonge kila siku bila kukosa ni mtu wa aina yake. Huenda ana mke anayemkumbusha, huenda ana hela ya nauli kwenda kliniki, huenda hanywi sana, huenda kichwa chake bado kiko sawa. Ulinzi ulikuwa ndani ya mtu na nyumba yake, sifa ikaenda kwa kidonge.

Hadithi ya dawa za maumivu ndiyo inayonikereketa zaidi, kwa sababu hata mimi ningeiamini. Kule Vancouver, Kanada, alikuwepo daktari Patrick McGeer, mtu wa mambo mengi: alicheza mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, akawa mwanasiasa, na pamoja na mkewe Edith akawa mtafiti wa ubongo. Mwaka 1990 aliandika kwamba wagonjwa wa baridi yabisi, wale wanaoishi kwa dawa za kupunguza uvimbe, ni nadra kukutwa na Alzheimer. Maelezo yalikaa vizuri. Ubongo wa mgonjwa una uvimbe, seli za ulinzi zinazungukazunguka madoa ya amiloidi kama nyuki waliochokozwa, basi dawa inayotuliza uvimbe wa magoti ikatulize na huo. Mwaka 2001 ukatoka utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliowafuatilia watu karibu 7,000: waliotumia dawa hizo kwa miaka miwili na zaidi hatari yao ya Alzheimer ilikuwa pungufu kwa asilimia 80. Themanini. Mwenzangu mmoja wa chuo, namkumbuka, alianza kumpa baba yake ibuprofeni asubuhi na jioni.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi wa mlimani tunajua mawingu yanayokuja kukaa tu juu ya Kibo na kuondoka. Mwaka huohuo wa 2001 Wamarekani walianza jaribio la kweli. Walichukua watu 2,528 wenye miaka 70 na zaidi, wote wana mzazi au ndugu aliyeugua, wakawagawa kwa kura: kundi moja naproksini, kundi moja selekoksibu, zote dawa za kupunguza uvimbe, kundi moja kidonge bandia. Kura ndiyo siri ya yote. Ukigawa kwa kura, mwenye mke wa kumkumbusha na asiye na mke wanaangukia pande zote sawasawa, na kama kuna tofauti mwishoni, imetoka kwenye dawa. Desemba 2004 vidonge vilisimamishwa kwa hofu ya moyo, miezi mitatu tu baada ya Vioxx, ndugu yake selekoksibu, kuondolewa sokoni. Walipohesabu, hakukuwa na ulinzi wowote.

Mtu anaweza kusema wazee wale walikuwa wameshachelewa, dawa ingeanza wakiwa na miaka 50. Inawezekana. Lakini hapo ndipo dhana inapogeuka imani: kila jaribio likishindwa tunasema liliwahi mno au lilichelewa mno.

Homoni ziliwaumiza watu kabisa. Miaka ya tisini, madaftari yalionyesha wanawake waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi wana Alzheimer kidogo. Jaribio la kura likaja, wanawake 4,532 wa miaka 65 na zaidi. Matokeo ya 2003: kati ya waliopata demensia 61, wa kundi la homoni walikuwa 40, wa kidonge bandia 21. Dawa iliyosemekana kulinda iliongeza hatari mara mbili. Wanawake wa kwenye madaftari walikuwa wenye elimu zaidi na uwezo zaidi, na mambo hayo yenyewe yanaushika ubongo vizuri.

Viagra ya binamu yangu ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 timu ya Cleveland ilipitia kumbukumbu za bima za watu zaidi ya milioni saba, ikatoka na asilimia 69 ya upungufu wa Alzheimer kwa waliotumia. Mwaka uliofuata timu nyingine ikaangalia wagonjwa waliopewa sildenafili, yaani Viagra yenyewe, kwa ajili ya presha ya mapafu, ikiwalinganisha na wenzao wenye ugonjwa uleule wanaotumia dawa nyingine. Hawakuona tofauti. Mzee anayeandikiwa Viagra, nimewaona wengi dukani, wanakuja wamevaa miwani ya jua, ni mzee mwenye mipango. Mwenye mipango bado ana kichwa.

Aspirini je? Nina mteja, mwalimu mstaafu wa hisabati, anatembea kwa miguu kutoka Majengo hadi kwangu na haamini bodaboda.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nipe ile aspirini ndogo, ya moyo. Ya miezi mitatu."

"Cheti kiko wapi, Mwalimu?"

"Cheti cha nini? Moyo wangu mzima. Ni ya kichwa. Nimesikia inazuia kusahau."

Nilimpa kiti. Nikamweleza kwamba Australia na Marekani waliwapa kura wazee 19,114 wasio na ugonjwa wa moyo, nusu aspirini ya miligramu 100, nusu kidonge bandia, wakawafuatilia karibu miaka mitano. Matokeo yakatoka 2018: demensia haikupungua hata kidogo, ila kutoka damu kubwa, ya tumboni na ya kichwani, kuliongezeka. Mwalimu alinyamaza akiipiga hesabu. Akasema, "Kwa hiyo nikitumia, nitasahau na damu juu." Akanunua dawa ya meno, akaondoka.

Ila si kila daftari linadanganya. Kuna moja lililonifanya nisimame nimeshika simu, wateja wananingoja, na ni la mkanda wa jeshi. Sisi tunaujua kwa namna yetu. Miaka ya tisini, mtu akitokewa na yale malengelenge ya upande mmoja wa kifua, majirani walikuwa wanahesabu siku zake kimyakimya, kwa kuwa ulikuja mkono kwa mkono na Ukimwi. Watu walivaa mashati ya mikono mirefu kwenye joto. Lakini mkanda wa jeshi ni virusi vya tetekuwanga tu, vilivyojificha kwenye neva tangu utotoni, vinaamka kinga ikishuka, na uzee unaishusha.

Wales walianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi tarehe 1 Septemba 2013. Kwa kuwa chanjo haikutosha wote, waliweka mstari: aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye anaruhusiwa, aliyezaliwa kabla ya hapo haruhusiwi kabisa, maisha yake yote. Sasa angalia ukarimu wa mstari huo kwa mtafiti. Mzee aliyezaliwa wiki ya mwisho ya Agosti 1933 na aliyezaliwa wiki ya kwanza ya Septemba wana tofauti gani? Elimu moja, vita moja, lishe moja. Wa Agosti karibu hakuna aliyechanjwa. Wa Septemba karibu nusu yao walichanjwa. Mwandishi wa sheria wa Wales alikuwa amepiga kura bila kujua. Timu iliyoongozwa na Pascal Geldsetzer wa Stanford ikahesabu miaka saba mbele, na mwezi wa nne 2025 wakachapisha: chanjo ilipunguza demensia kwa takriban asilimia 20, na kwa wanawake zaidi ya wanaume.

Hapo swali langu la nani anameza halina pa kushika. Aliyechanjwa hakuwa mwenye bidii zaidi, alikuwa amezaliwa Jumamosi badala ya Ijumaa. Sisemi jambo limekwisha. Ilikuwa chanjo ya zamani ya virusi hai, ambayo Uingereza yenyewe imeshaibadilisha, na kwa nini ilisaidia hakuna anayeweza kusema kwa uhakika: labda virusi vikitulia ubongo unatulia, labda chanjo inaiamsha kinga nzima kwa namna fulani. Mimi hapa Moshi sijawahi kuiuza.

Na usikimbilie kuhitimisha kwamba basi dawa ya virusi itafanya kazi hiyo. New York, Chuo Kikuu cha Columbia, walijaribu valasaikloviri, dawa ya malengelenge ya mdomoni, kwa wagonjwa 120 wenye Alzheimer ya mwanzo waliokuwa na dalili za virusi hivyo kwenye damu. Mwaka 2025 wakatoa majibu: haikusaidia, na kumbukumbu za waliotumia zilishuka hata zaidi kidogo ya wenzao. Novemba mwaka huohuo ikawa zamu ya semaglutidi, zile dawa za kisukari na unene za mdogo wangu, safari hii kwa vidonge: majaribio mawili, watu 3,808, miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa kasi ileile. Nilimpigia simu mdogo wangu jioni ile. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi nimtumie nini Mama?" Nikamwambia atume hela ya pampasi.

Ninayotaka kuwaambia ndugu, na hawataki kuisikia kwa kuwa haina upya, ni dawa ileile ya kwenye kopo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1998 jaribio la Ulaya la kutibu presha ya wazee liliona demensia ikipungua nusu, ingawa idadi yenyewe ilikuwa ndogo, wagonjwa 21 kwa 11. Mwaka 2019 Wamarekani, kwa watu 9,361, waliona kwamba kushusha presha ya juu chini ya 120 badala ya kuridhika na 140 kunapunguza ile hatua ya kusahau inayotangulia demensia kwa asilimia 19. Demensia yenyewe haikufikia kuthibitika, kwa kuwa matibabu yalisimamishwa mapema baada ya moyo kuonyesha faida kubwa. Halafu 2025 ikaja ya vijiji vya China. Hiyo ningeibandika ukutani. Vijiji 326, watu 33,995 wenye presha, kura ikapigwa kwa vijiji. Katika nusu ya vijiji, mhudumu wa afya wa kijijini, ambaye si daktari bingwa, alipewa ruhusa ya kuanzisha na kuongeza dozi za dawa za kawaida, za bei nafuu au za bure, akisimamiwa na daktari, akiwafundisha watu kujipima nyumbani. Baada ya miaka minne, demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15.

Asilimia 15 haitamvutia mtu kama 80 ya Rotterdam. Lakini hii ni ya kura. Na naitazama Hai ninakotoka: watafiti walipopita vijijini mwaka 2010 wakapima wazee wa miaka 70 na zaidi, walikuta demensia kwa kama 6 na nusu katika kila 100. Mama alikuwa na miaka 66, hakuhesabiwa. Presha yake wakati huo ilikuwa 170 na ushee, na alikuwa anakunywa dawa siku kichwa kikimuuma, kichwa kikiacha naye anaacha. Hivyo ndivyo robo tatu ya wateja wangu wanavyokunywa hadi leo. Wanakuja, "Dokta, nipe za presha, kumi tu, jana ilipanda." Presha inaharibu vimishipa vidogo vya ubongo miaka 20 bila kumuumiza mtu hata kidole, na ubongo uliochoka mishipa hauna akiba Alzheimer ikiingia.

Nisijifanye mjuzi sana, mganga hajigangi. Kuna dawa nyingine ya kawaida ambayo sikutumiwa na ndugu yeyote, niliipeleka mwenyewe. Mama alikuwa analalamika kuwashwa na kukosa usingizi, nikampelekea piritoni, vile vidonge vidogo vya njano ambavyo kila nyumba Tanzania inavyo kwenye droo. Usiku kimoja, wakati mwingine viwili. Ilikuwa mwaka mzima kabla ya kopo. Dawa za kundi hilo zinazuia asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu inaitegemea, na ndiyo hiyohiyo inayopungua kwenye Alzheimer. Yaani dawa za Alzheimer tulizonazo, kama donepezili, kazi yao ni kuitunza. Nilikuwa nimekaa juu ya tawi nikilikata. Seattle, mwaka 2015, waliofuatilia wazee 3,434 waliona waliokusanya dozi nyingi za dawa hizi kwa miaka walipata demensia zaidi. Nalo ni daftari, nalipima kwa mizani ileile, huenda wasiolala ndio waliokuwa wameshaanza kuugua. Lakini kwamba piritoni inamvuruga mzee usiku uleule, hilo halihitaji daftari, lipo kwenye vitabu nilivyofanyia mtihani. Nilipoziondoa, Mama aliacha kuongea na ukuta. Majina ya wajukuu hayakurudi, ila ukuta aliuacha.

Siku hizi anayempa dawa ni wifi yangu, saa moja asubuhi, baada ya uji. Kopo tumelitoa, tumeweka la kioo, tupu, kwa kuwa ukilitoa kabisa anazunguka analitafuta. Jumapili iliyopita nilikuwepo, nikampa mimi. Alikitia kidonge mdomoni, akanywa maji, akafungua mdomo nikaona ulimi mtupu, kama mtoto wa komunyo. Halafu akakishika kiganja changu akakigeuza kuona kama kimebaki kingine.

"Na mgeni je, amepata?"

"Amepata, Mama."

"Hakurudishwa?"

"Hakurudishwa."